Aliacha Benki, Akashika Brashi

Sungi Mlengeya anachora wanawake weusi wasiobeba kitu chochote. Sisi wa Kibondo na Kasulu tuna sababu zetu za kuwatazama mara mbili.

Ukikutana na mchoro wa Sungi Mlengeya kwa mara ya kwanza, utajikuta unatafuta nguo. Mwanamke yupo, uso upo, shingo ipo, mikono ipo, lakini gauni hulioni. Macho yakishazoea unagundua kwamba gauni lipo. Ni jeupe, na nyuma yake pia ni peupe, na mchoraji hakupiga mstari wa kutenganisha hivyo viwili. Unajua bega limeishia wapi kwa sababu ngozi imekatika hapo. Unajua kilemba kimekaaje kwa sababu paji la uso limefunikwa nusu. Kilichobaki unakimalizia wewe mwenyewe kichwani.

Ndiyo staili yake, na ndiyo iliyompa jina. Ngozi za kahawia iliyokolea na nyeusi, rangi za akriliki, na weupe mtupu uliozunguka kila kitu. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna jua linalozama wala mbuyu.

Sungi ni Mtanzania mwenzetu, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1991. Hakupita chuo chochote cha sanaa, alijifundisha mwenyewe. Alikuwa mfanyakazi wa benki, na mwaka 2018 akaacha kazi hiyo ili achore muda wote. Tangu hapo picha zake zimesafiri kuliko wengi wetu. Afriart Gallery ya Kampala, iliyoanzishwa na Daudi Karungi mwaka 2002, ndiyo inayomwakilisha, na hapo ndipo alipofanya onyesho lake la peke yake la mwaka 2021, Just Disruptions. Mwaka 2022 jumba la The Africa Centre lilipofungua jengo lake jipya Southwark, London, onyesho lililofungua milango lilikuwa la kwake. Mwaka huohuo kazi yake ikawa kwenye onyesho kubwa la Zeitz MOCAA, Cape Town, lililoitwa When We See Us, ambalo marehemu Koyo Kouoh na wenzake walikusanya miaka mia moja ya Waafrika na watu weusi wakijichora wenyewe.

Sasa, ukimwambia mtu wa mjini Kibondo kwamba fulani ni mchoraji, anachofikiria ni kitu kingine kabisa. Mchoraji kwetu ni yule anayeandika mabango ya maduka, anayechora vichwa vya mitindo ya nywele kwenye ukuta wa saluni ya kiume, au aliyeitwa shuleni kuchora ramani ya Tanzania na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Ni fundi, tena fundi mzuri, lakini analipwa kwa siku na hakuna mzazi anayemwombea binti yake mchumba wa aina hiyo. Ndiyo maana stori ya Sungi inatuhusu, hata kama hatujawahi kusimama mbele ya kanvasi yake.

MSHAHARA WA MWISHO WA MWEZI

Tuseme ukweli. Katika mji kama Kibondo au Kasulu, mtu wa benki ana hadhi yake. Shati limenyooka, tai ipo, kadi ya bima ipo, mkopo wa kiwanja unapatikana kwa masharti nafuu. Mama mkwe akiulizwa kijana anafanya kazi gani, jibu analitoa akiwa amenyoosha shingo. Halafu siku moja kijana huyo, au binti huyo, arudi nyumbani aseme kaacha, anataka kuchora nyuso za watu. Kuna nyumba ambazo kikao cha ukoo kingeitishwa kabla jua halijazama!

Wasomaji wetu wengi wako kwenye uhusiano ambao mmoja ana kazi ya kueleweka na mwingine ana kitu kinachomwasha moyoni. Inaweza kuwa uchoraji, ushonaji, kufuga nyuki au kurekodi muziki. Huyu mwenye kitu kinachomwasha anakificha, anakifanya usiku, anaogopa kuchekwa na mtu anayelala naye kitanda kimoja. Mwenzake naye anaona dalili, anakaa kimya, anaomba Mungu ipite kama homa. Ukimya wa aina hiyo unaharibu nyumba nyingi kuliko ukosefu wa pesa, na nasema hivyo nikijua pesa zinavyouma zikikosekana.

Lakini hebu tuangalie upande wa pili. Hiyo kazi ya kueleweka ina uhakika kiasi gani? Kwa mkoa wetu swali hili si la nadharia. Nduta ilipoanza tena kupokea wakimbizi wa Burundi Oktoba 2015, na Mtendeli ikafuata mwanzoni mwa 2016, mashirika yaliajiri kwa kasi, nyumba za kupanga zikapanda bei, vijana wakanunua pikipiki, wengine wakaoa. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Mkataba ukiisha umeisha, na ile barua ya kushukuru kwa utumishi mwema huwezi kwenda nayo dukani. Wangapi walioa wakiwa maofisa miradi na sasa hivi wanafanya biashara ya maharage? Hakuna aibu katika maharage ya Kibondo, yanalisha nchi. Ninachosema ni kwamba mtu anayemzuia mwenzake asiguse sanaa kwa sababu "haina uhakika" naye aitazame tarehe ya mwisho kwenye mkataba wake.

Sungi hakutoka benki asubuhi akaanza kuuza picha London jioni. Alikuwa akichora tayari wakati bado ana ajira, na alipotoka alijua mkono wake unaweza nini. Hilo ni la kuzungumza mezani na mwenzi wako kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi: kazi ya mkono imeshafika wapi, akiba inabeba nyumba kwa miezi mingapi, na nani atalipa ada ya mtoto ikiwa mwaka wa kwanza haukuuza kitu. Mkishindwa kuzungumza hayo bila kununiana, tatizo lenu wala si sanaa.

WEUPE WA KARATASI, WEUSI WA NGOZI

Turudi kwenye picha, maana kuna jambo pale ambalo gazeti la mapenzi haliwezi kulipita.

Weupe kwenye michoro ya Sungi ni mkali. Ungetegemea unaummeza mtu. Inakuwa kinyume: kadiri kilichomzunguka kilivyo cheupe, ndivyo ngozi inavyokuja mbele na kukaa imara, na ndani ya weusi huo unaona mambo ambayo picha ya simu huyapoteza. Wekundu kidogo kwenye shavu. Kahawia ya chai ya rangi kwenye kiwiko. Mng'ao kwenye mfupa wa bega. Weusi wake si rangi moja.

Sasa linganisha na tunachofanyiana sisi. Nenda kachukue picha za harusi studio yoyote, uone bibi harusi alivyosafishwa kwenye kompyuta mpaka shangazi zake hawamtambui. Fungua simu yako, zile programu za kupigia selfi hukung'arisha hata kama hujaomba. Halafu ingia sokoni, tafuta meza ya vipodozi. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, na kila mtu anajua madhara yake kwa ngozi na figo, lakini mkorogo unauzwa na unanunuliwa. Nani anayeununua? Mara nyingi ni mwanamke ambaye siku moja alisikia mpenzi wake akimsifia msichana mwingine kwa neno moja tu: mweupe.

Wanaume, hapo nawasema ninyi. Hamjui neno hilo mnapolitupa barabarani linaingia nyumba ngapi. Na sisi akina dada tusijifanye malaika, maana kuna mama anayemsugua mtoto wa kike na kumwacha wa kiume alivyo.

Mwaka 2018, mwaka uleule Sungi alipoacha benki, jumba la picha za watu mashuhuri la Washington lilizindua picha za Barack na Michelle Obama. Ya Michelle ilichorwa na Amy Sherald, ambaye huchora ngozi za watu weusi kwa rangi ya kijivu, akitaka rangi isiwe jambo la kwanza linalosomwa. Watu walibishana sana. Sungi amekwenda njia nyingine: kijivu hakitumii, kahawia na nyeusi anaziweka zote, kwa kiburi kizuri, halafu anaondoa kila kitu kingine. Mimi binafsi nachagua ya Sungi. Nimechoka na rangi kuzungukwazungukwa.

HAWABEBI KITU

Kuna jambo lingine, na hili nadhani sisi wa mkoa huu tunaliona haraka kuliko mtu wa Masaki.

Uso wa mwanamke wa ukanda huu umepigwa picha mno. Kambi za Kibondo tangu miaka ya tisini, Nyarugusu ya Kasulu tangu 1996 walipoingia Wakongo, yote hayo yalileta kamera. Ripoti, kalenda, mabango ya wafadhili, tovuti za mashirika. Na katika picha hizo mwanamke, awe mkimbizi au mwenyeji, karibu kila mara amebeba. Ndoo kichwani, mtoto mgongoni, kuni, jembe, gunia la mgao. Nyuma yake kuna turubai jeupe. (Waandishi wengine huita turubai kile kitambaa cha kuchorea. Kwetu neno hilo lina kazi nyingine kabisa, ndiyo maana nasema kanvasi.) Anatazama kamera kwa macho ya kuomba, au mpiga picha amesubiri mpaka yakafanana na ya kuomba. Jina lake haliandikwi, au linaandikwa la bandia kwa ajili ya usalama, na sababu hiyo naielewa. Picha ikishachapishwa haioni tena.

Picha nyingine tulizo nazo ni za pasipoti saizi. Za kitambulisho, za fomu ya shule, za kadi ya kliniki. Tazama mbele, usicheke, toa hereni, shusha kidevu.

Ukiwa na picha za namna hizo mbili kichwani, halafu ukamwona mwanamke wa Sungi, unashtuka. Mikono yake iko huru. Amekaa, amejikunja, amemwegemea mwenzake, au amefumba macho tu. Hafanyi kazi yoyote. Hakuombi kitu. Anaweza hata asikutazame, na akikutazama anakutazama kama mtu aliyefunguliwa mlango nyumbani kwake na bado hajaamua kama atakukaribisha. Wengi anaowachora ni wanawake walio karibu naye, na inaonekana, kwa sababu hawajakaa kama watu walioamriwa.

Onyesho la London la 2022 aliliita (Un)choreographed, yaani ngoma isiyopangiwa hatua. Wanawake wanarusha mikono, wanapinda migongo, nguo nyeupe inapotea kwenye weupe na mwili unabaki unaelea. Kwetu ngoma ina hatua zake, na kuzijua ni heshima; sitaki kubeza hilo. Lakini kila mwanamke aliyeolewa anajua hatua nyingine, zile ambazo hazina ngoma: utaamka saa ngapi, utaongea kwa sauti gani mbele ya wifi, utacheka mpaka wapi. Just Disruptions, la mwaka mmoja kabla, lilikuwa linagusa hukohuko, kwa wanawake wanaovuruga kidogo mpango waliopangiwa. Kidogo tu. Hakuna anayepiga kelele ndani ya picha hizo.

UTAMADUNI UKO WAPI?

Hoja hii huwa inatolewa, na si ya kijinga. Kama hakuna khanga, hakuna shanga, hakuna kibuyu wala nyumba ya msonge, Mtanzania atajuaje kwamba picha ni yake?

Wachoraji wetu waliotangulia walijibu kwa njia zao. Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Kilimanjaro 1923 na kuwa pia balozi wetu London baada ya Uhuru, alichora maisha ya kijiji: watu wengi, migomba, kazi, sherehe. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1956 unaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na leo uko kwenye makusanyo ya jumba la MoMA, New York. Pombe ya ndizi na mahari, vitu ambavyo huku Buha havihitaji mkalimani! Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichukua rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli na vipande vya ubao, akachora wanyama na ndege mpaka alipouawa kwa risasi mwaka 1972. Staili yake ikawa jina la nchi nzima, kiasi kwamba mtalii akisema anataka picha ya Tanzania anamaanisha Tingatinga.

Jirani yetu Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi 1984, anachora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Waganda ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Gome lina matundu na mishono, naye anayaacha yaonekane, yanakuwa sehemu ya uso wa mtu. Kwake utamaduni umeingia mpaka kwenye kile anachochorea.

Sungi yeye ameondoa vyote. Nilidhani hilo lingenisumbua, na halinisumbui. Mwanamke akishavuliwa mapambo ya utalii, unachobaki nacho ni namna alivyoshika kichwa, namna kilemba kilivyofungwa, namna wawili wanavyokaa bega kwa bega bila kuongea kama wanavyokaa mama zetu kibarazani baada ya shamba. Ukaaji ule hujifunzi kwenye jarida la Ulaya. Hata hivyo nakiri kwamba ninapoangalia picha zake nyingi kwa mfululizo huwa natamani kitu kimoja kivunje ule weupe, sufuria, kiti, chochote. Weupe mwingi unaweza kugeuka mazoea kama simba wa Tingatinga walivyogeuka mazoea mikononi mwa waigaji.

Na wanaume? Yeye anachora wanawake hasa. Mwanaume wa Kibondo, aliyefundishwa tangu utoto kwamba uso wake usionyeshe kitu, angehitaji mchoraji wake. Nafasi hiyo iko wazi.

KWA ANAYETAKA KUANZA HUKUHUKU

Kibondo haina gale, na Kasulu hivyohivyo. Akriliki na kanvasi nzuri mara nyingi utaagiza Dar au nje. Lakini mkaa upo, ubao wa seremala upo, rangi ya duka la vifaa vya ujenzi ipo, na Tingatinga hakuanza na zaidi ya hayo. Ukifika Dar, Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanza 2008, ina karakana za wasanii na maonyesho. Nenda hata kama huna pa kulala pazuri. Upande wa kaskazini, Kampala ni mji wenye soko la sanaa kuliko tunavyofikiria. Na tusidhani dunia haitazami huku: mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na banda lake kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia.

Kwa wapenzi wasio na mpango wowote wa kuwa wasanii, nina zoezi la Jumapili mchana, hasa kama umeme umekatika na simu zimezima. Chukueni karatasi mbili na kipande cha mkaa. Kaeni mkitazamana, mmoja achore uso wa mwenzake kwa nusu saa, halafu mbadilishane. Kuchekana ruksa. Asiyechora asiongee, na asitengeneze uso. Dakika kumi za kwanza mtacheka. Baada ya hapo mchoraji ataanza kuona vitu: kovu la nyusi ambalo hajawahi kuuliza lilitoka wapi, jicho moja linalochoka kabla ya lingine, mdomo unaoshuka mtu anapodhani hatazamwi.

Muulize kuhusu kovu hilo mkimaliza. Picha yenyewe hata ikitoka kama kiazi, iwekeni tarehe nyuma.